Tundu kwenye jiwe si ubovu: kuhusu taa ya Arco uliyoachiwa

SWALI: Shikamoo fundi. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Bergamo, Italia, mwaka wa sita sasa. Kazi yangu ilikuwa kumtunza mama mmoja mzee, na mwezi uliopita ametangulia mbele ya haki. Watoto wake wamenipa taa yake ya sebuleni, kwa kuwa jioni zote tulikaa chini yake, yeye akishona, mimi nikimenya viazi. Ni taa ndefu ya kusimama, chini ina jiwe zito jeupe, mkono wake ni wa chuma uliopinda kama mnazi ulioinamia bahari, na mwisho wake kuna bakuli linalong'aa. Wanasema inaitwa Arco. Amekuja mnunuzi wa vitu vya kale, ananipa euro 150. Anasema ingekuwa na bei nzuri ila jiwe limetobolewa, pete ya chini ya bakuli imeachia inacheza, na waya umechakaa. Kaka yangu anasema nilisugue jiwe kwa siki ling'ae, halafu niiuze au niipeleke nyumbani. Je, ni Arco ya kweli? Nifanyeje?

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Usiiuze kwa euro 150. Naanza na hilo kwa sababu huyo mnunuzi atarudi. Kati ya makosa matatu aliyokuhesabia, mawili si makosa hata kidogo. Hayo mawili ndiyo yaliyonifanya niketi wima nilipokuwa nasoma barua yako.

Tuanze na tundu. Limetobolewa kwa makusudi, nalo limekuwapo tangu taa hii ilipotoka mwaka 1962. Jiwe lile lina uzito wa kilo 65 hivi. Waliolibuni ni ndugu wawili wa Milano, Achille na Pier Giacomo Castiglioni, nao walijiuliza swali ambalo wewe uliyefagia ile sebule miaka yote utalielewa upesi: mtu akitaka kuisogeza taa, ashike wapi? Jiwe lililosuguliwa halina pa kushika. Mkono wa chuma ukivutwa unaharibika. Basi wakatoboa jiwe upande hadi upande ili mpini wa fagio upite. Mtu mmoja huku, mwingine kule, mnainua mpini na jiwe linakuja katikati yenu, kama wanaume wawili wanavyobeba mzigo mzito kwa mti. Mnunuzi wa vitu vya kale asiyelijua tundu la Arco simwamini. Anayelijua na bado akakuambia ni ubovu, huyo ndiyo kabisa usimfungulie mlango.

Na pete inayocheza? Lishike bakuli polepole, taa ikiwa imezimwa na imepoa. Utaona kuna vipande viwili. Cha juu ni kama kofia, kina vitundu, na ndani yake ndimo holda ya balbu ilimofungwa. Hicho hakisogei. Cha chini ni pete pana ya alumini iliyokaa tu juu ya ile kofia, haikufungwa kwa skrubu, ili uweze kuisogeza na kuilaza upande unaotaka kadiri mkono unavyopanda au kushuka. Vile vitundu vya kofia vinafanya kazi ileile inayofanywa na vitobo vya kofia zetu za kudarizi: joto lipate pa kutokea. Balbu za zamani zilichoma, na bila matundu yale holda ingeungua mapema. Kwa hiyo pete kucheza ni uzima wake. Ningeshtuka kama ungeniambia imegandishwa kwa gundi.

Hapo ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu swali lako la kama taa ni ya kweli linajibika kwa njia hiyohiyo. Watu wengi hukimbilia kutafuta lebo. Lebo hubanduka ikapotea, na lebo hubandikwa. Mimi taa hii naisoma kwa sababu zake. Kila kipande cha Arco kipo kwa ajili ya haja fulani, na mwigaji mara nyingi hunakili sura, akaiacha haja nyuma.

Haja ya kwanza ilikuwa hii. Watu walitaka mwanga ushuke juu ya meza ya chakula kutoka juu, kama taa ya kuning'inia, lakini bila kutoboa dari. Ukishatoboa dari, meza imefungwa pale milele. Ndugu wale wakaangalia taa za barabarani: nguzo iko kando ya njia, mwanga uko katikati ya njia. Wakaleta wazo hilo ndani ya nyumba. Ila taa za kusimama zilizokuwapo zilikuwa na mkono mfupi, nguzo yake inakaa karibu sana na meza, hata anayeleta chakula hana pa kupita. Wakaamua mguu wa taa ukae mbali na mwanga, mita 2 au zaidi, ili mtu apite nyuma ya walioketi akiwa na sinia mkononi. Umbali huo ndio uliozaa mengine yote. Mkono mrefu namna ile unavuta taa ianguke mbele, kwa hiyo kunahitajika uzito wa kuushikilia nyuma. Uzito huo usijaze chumba, kwa hiyo kunahitajika kitu kizito kilicho kidogo kwa umbo na ambacho gharama yake inabebeka. Italia ina milima ya Carrara, huko Toscana, inayokatwa marumaru tangu enzi za Warumi. Nasema marumaru kwa maana yake ya asili, jiwe lenyewe la mlimani, si vile vigae vya sakafu tunavyoviita marumaru siku hizi. Fikiria ndoo ya lita 20: ikijaa maji ina kilo 20. Jiwe la Carrara lenye ukubwa unaoizidi ndoo hiyo kidogo tu, lita 24 hivi, lina zile kilo 65.

Sidhani ni bahati tu kwamba walilizoea jiwe. Baba yao, Giannino Castiglioni, alikuwa mchonga sanamu. Watoto wake watatu wa kiume, Livio, Pier Giacomo na Achille, wote walisomea usanifu majengo. Livio, mkubwa wao, alifanya kazi nao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950, kisha akashika njia yake, wakabaki wale wawili. Hawakupenda kubuni kitu kwa ajili ya kupendeza tu. Walichukua kiti cha trekta, wakakitia mguu mmoja wa chuma na kipande cha mti, kikawa kigoda. Mwaka uleule wa Arco walitoa taa nyingine, Toio, ambayo balbu yake ni taa ya mbele ya gari, na waya wake unapita kwenye vipete vya ufito wa kuvulia samaki. Jina lenyewe la Arco ni neno la kawaida la Kiitaliano, maana yake upinde. Huko Bergamo utakuwa umewasikia wakiuita upinde wa mvua arcobaleno. Ni neno lilelile.

Sasa chukua taa yako uipime kwa sababu hizo.

Kwanza uzito. Tafuta mtu wa pili na mpini imara wa fagio, laza ubao juu ya mizani ya bafuni, kisha mlishushe jiwe pale taratibu, mkono ukiwa umeshatolewa. Ikisoma kilo 30 au 35, hiyo ni ya kuiga. Waigaji hupunguza jiwe kwa sababu ya nauli ya meli, na taa zao huwa na desturi ya kuinamia watu.

Kisha ziangalie pembe za jiwe. Katika Arco ya kweli zimekatwa zikalainishwa, haziko kali kama ncha ya kisu, kwa sababu jiwe linakaa chini ambapo miguu hupita na watoto huangukia. Pitisha kiganja chako pale utaisikia. Uzito na pembe vikikubali, uje kwenye mkono, maana hapo ndipo waigaji wengi hujifunua. Mkono wa Arco si bomba la mviringo. Ni vipande vitatu vya chuma kisichoshika kutu, kila kimoja kimekunjwa kama mfereji, kimoja kinaingia ndani ya kingine, na ndiyo maana unaweza kuurefusha na kuufupisha. Waya unapita ndani ya mfereji huo. Uliniambia mkono umepinda kama mnazi lakini hukuniambia ni bomba au ni mfereji. Ingiza ncha ya kidole kwa upande wa chini. Kidole kikikuta uwazi wa mfereji, nami nikiongeza tundu lililopita upande hadi upande, kofia yenye vitundu na pete iliyokaa bila skrubu, matumaini yangu yanakuwa makubwa sana.

Lebo itafute mwisho, ukitafuta jina la Flos. Hiyo ndiyo kampuni iliyoitengeneza tangu mwanzo. Ilianzishwa Merano, kaskazini kabisa mwa Italia, na baadaye makao yake yakahamia upande wa Brescia, ambako si mbali na wewe. Flos ni neno la Kilatini, maana yake ua. Inaitengeneza Arco hadi leo, na mpya dukani bei yake inapita euro 2,000. Basi zilinganishe mwenyewe hizo 150.

Usishangae nikilirudia sana neno la kuiga. Arco ni kati ya taa zilizoigwa mno duniani, na iliwahi kufikishwa hadi Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya. Kulikuwa na taa iliyoitwa Fluida, iliyoletwa Italia kutoka China, na Flos ikalalamika kwamba ni Arco iliyobadilishwa jina. Tarehe 27 Januari 2011 mahakama hiyo ilitamka kwamba ubunifu wa namna hii unaweza kulindwa kwa hakimiliki kama zinavyolindwa kazi nyingine za sanaa, hata kama haukuandikishwa, mradi utimize masharti ya hakimiliki. Ulinzi huo Ulaya hudumu miaka 70 baada ya kifo cha mbunifu wa mwisho kati ya wale walioshirikiana. Pier Giacomo alifariki mwaka 1968, Achille mwaka 2002. Nakueleza haya kwa sababu ukija kuiuza, mnunuzi wa maana atataka kujua ni ya kweli, na kuuza ya kuiga kwa jina la Arco huko uliko si jambo dogo.

Nije kwenye siki. Kaka yako ana nia njema, lakini mwambie hapana, na chupa uirudishe jikoni. Wewe ni mtu wa mwambao, umeona chokaa inavyochomwa kwa mawe ya matumbawe. Matumbawe yale na marumaru ya Carrara ni ndugu, asili yao ni moja, nao adui yao ni mmoja: kitu kichachu. Tone la siki au ndimu likiangukia marumaru hutoa povu dogo. Lile povu si uchafu unaotoka, ni jiwe lenyewe linaloliwa. Likikauka linaacha doa lisilo na mng'ao, na doa hilo huliondoi kwa sabuni. Inabidi fundi wa mawe alisugue upya, na kila akisugua anaondoa kidogo cha uso ambao yule mama aliuangalia miaka yote. Tumia maji ya uvuguvugu, sabuni ya maji kidogo sana, kitambaa laini, halafu ufute kwa kitambaa kikavu. Weupe wake ukiwa umegeuka kidogo kama maziwa yaliyokaa, uache hivyo. Ile mishipa ya kijivu ni ya jiwe. Mkono wa chuma ufute kwa kufuata mistari yake kwa urefu, usizungushe, na bakuli lisiguswe na chuma cha kusugulia sufuria.

Kosa la kweli ni waya, na hapo mnunuzi alisema sawa. Usiiwashe tena mpaka ushughulikiwe. Taa hii ni chuma tangu bakuli hadi kwenye jiwe, na waya unalala ndani ya chuma hicho. Ganda la waya wa zamani hukauka likapasuka, na pale vipande vya mkono vinapoingiliana ndipo waya husuguliwa zaidi. Ukichubuka mahali pamoja tu, mkono mzima unashika umeme, na wewe unaugusa kila unapoirekebisha. Mpe fundi umeme mwenye leseni, mwambie mambo mawili. La kwanza, aweke waya mpya wenye nyuzi tatu, ule wa ethi aufunge vizuri kwenye chuma. La pili, asitoboe tundu jipya popote. Waya mpya upite njia uliyopita wa zamani. Waya na holda atakazozitoa, zitie kwenye mfuko na uandike tarehe. Atakayeimiliki baada yako atakushukuru, na bei haishuki kwa waya mpya uliofungwa vizuri. Huyo fundi atakulipisha pesa kidogo ukilinganisha na thamani ya taa. Kwa balbu, weka ya LED yenye kitako cha kawaida cha kuzungusha, kinachoandikwa E27. Mimi napenda ile iliyopakwa rangi ya fedha kichwani: mwanga unagonga bakuli kwanza ndipo ushuke mezani, haukuchomi macho.

Kuna jambo hukuuliza, lakini lazima niliseme kwa sababu nimeliona kwa macho. Zamani nilipokuwa katika karakana moja ya samani, vijana wawili walitumwa kuisogeza Arco ya mteja hatua chache tu, rangi ya ukuta ipakwe. Hawakutafuta fagio. Mmoja alisukuma jiwe kwa mguu, mwingine akavuta mkono wa chuma. Ulitoka mlio mdogo, kama kikombe kinachopasuka ndani ya maji ya moto. Nilipopiga magoti na tochi nikaona mstari mwembamba kama unywele, umeanzia pale chuma kinapoingia kwenye jiwe, ukashuka nusu ya urefu wake. Mteja alikuwa mama mtu mzima, akaupitisha ukucha kwenye ule ufa mara mbili, tatu, bila kusema neno. Jiwe la namna hiyo halirudi. Utaliunga kwa gundi, lakini huwezi kulitegemea tena likiwa na mkono wa mita 2 juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo kila siku mnayoigusa taa: zima, chomoa plagi, toa bakuli, toa mkono, ndipo mpini wa fagio uingie kwenye tundu.

Uiuze au uipeleke Tanga? Ukitaka kuuza, waombe kwanza watoto wa marehemu wakuandikie karatasi fupi yenye saini zao, kwamba wamekupa taa hii, na kama wanakumbuka wazazi wao waliinunua lini na wapi, waandike hapo hapo. Ikipatikana risiti ya zamani, au picha ya sebule ambamo taa inaonekana, hiyo ni hazina. Kisha peleka picha kwa nyumba mbili tofauti za mnada zinazoshughulika na samani za karne ya 20: jiwe likionyesha tundu, pembe, mkono kwa upande wa chini, kofia ya bakuli kwa ndani. Subiri majibu yote mawili kabla hujamjibu mtu.

Ukitaka kuipeleka nyumbani, inawezekana. Umeme wa Tanzania ni volti 230 kama wa Italia, hauhitaji transfoma. Utabadilisha plagi tu iwe ya miguu mitatu ya bapa. Jiwe lifungiwe kasha lake peke yake, la mbao nene, limezungushiwa sponji pande zote, na mkono usafiri kwenye kasha jingine. Wanaofunga mizigo wakikuambia vyote vitaingia pamoja, kataa. Kitu kimoja nikutahadharishe: pale pwani hewa ina chumvi. Chuma chake kinastahimili, lakini kinahitaji kufutwa mara kwa mara, na taa isikae dirishani linaloelekea baharini.

Mimi ningebaki nayo. Nimeshika taa nyingi za bei mkononi, na chache sana zimenipa furaha hii ya kila kitu kuwa na jibu ukikiuliza. Tena yako ina jioni zenu ndani yake. Ila pesa yako unaijua wewe na mahitaji yako unayajua wewe, kwa hiyo sikushurutishi.

Ukibaki nayo, fundi akishamaliza waya, iweke hivi. Jiwe likae ukutani au nyuma ya kochi, mbali na njia ya watu, kwa kuwa mkono ndio uliotengenezwa ufuate meza. Keti kwenye kiti unachokalia siku zote, mtu mwingine ashike mkono na aurefushe au aufupishe polepole, taa ikiwa imezimwa. Wewe tazama bakuli. Akifika pale ambapo jicho lako haliioni balbu ila unaona ukingo wa pete tu, mwambie afunge hapo. Kama bado unaiona kidogo upande mmoja, inuka uisogeze ile pete kwa vidole viwili, upande ule, mpaka ifiche.